Kichwa Kwanza, Picha Baadaye

Kaeni. Mwenye kutafuna atafune polepole, na mwenye kukohoa akakohoe nje, maana nchi ninayoisimulia ni ya watu wasiopenda kelele. Si nchi yetu. Yetu mnaijua, mambo yake yamenyooka. Hii iko mbali: unavuka milima, unavuka na mto, halafu unaacha kuuliza maswali.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Maktaba ya Taifa ya Picha. Msidhani ni chumba chenye makabati na zile albamu za karatasi za kunata. Hapana. Maktaba ilikuwa ndani ya kompyuta, kompyuta ndani ya jumba la marumaru, na jumba ndani ya seng'enge. Picha zote za nchi zilikaa humo, kila moja na jina lake la faili na kichwa chake. Tofauti yake ni ndogo, sikilizeni. Jina la faili ni kama jina lililoandikwa kwenye kadi ya kliniki: fupi, la kukutafutia tu. Kichwa ni yale maneno unayomwambia mgeni unapomfunulia albamu: "Huyu ni shangazi yao, siku ya harusi ya Mwanahawa, hapo alikuwa bado mnene." Bila jina la faili picha huioni. Bila kichwa huijui.

Zamani, kabla mambo hayajanyooka, kamera zilijitungia zenyewe majina ya mafaili. Herufi mbili tatu, namba ndefu, basi. Siku moja Mtukufu, ndiye mkuu wa nchi, alifungua maktaba akajikuta yeye na medali zake zote anaitwa namba, na namba inayomfuata ni mbuzi wa maonyesho. Alikasirika mpaka miwani ikaingia ukungu. Kamera zote za serikali zikakusanywa uwanjani zikachapwa viboko mbele ya umma. Lenzi zikapasuka. Baada yake wakachapwa wapiga picha, na wao pia wakapasuka.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Picha na Vichwa Vyake, akakabidhiwa Mheshimiwa Kanali Daktari Majigambo, mtu mwenye kifua cha jogoo na kiatu cha kung'aa mpaka unaona meno yako.

"Ndugu wananchi!" alisema siku ya kuapishwa. "Taifa linalopiga picha kwanza ndipo litafute kichwa, ni taifa linalotembea kinyumenyume kama kaa! Sisi tumekataa ukaa! Kuanzia leo, kichwa kwanza, picha baadaye!"

Na ikawa hivyo. Kila mwaka Baraza lilikaa likapitisha vichwa vyote vya mwaka unaokuja, kama vile nchi nyingine zinavyopitisha bajeti. Mafaili yalifunguliwa yakiwa matupu, kila moja limeshaandikwa jina na kichwa, yakakaa kwenye folda zake yakisubiri. Kazi ya wapiga picha ilikuwa kwenda kuyajaza. Faili tupu lilikuwa uhaini.

Sasa, watu hawafanani na vichwa vyao kila siku. Hilo Mheshimiwa alilijua. Kwa hiyo kila mpiga picha alifuatana na Kikosi cha Ulinganifu, vijana wenye afya nzuri, na kazi ya Kikosi ilikuwa kuwarekebisha watu mpaka walingane na maneno. Virungu vyao vilikuwa vya mpingo, vikipakwa mafuta ya nazi kila Ijumaa visichanike. Vilikuwa vizuri kuvitazama, kama havikutazami wewe.

Mgeni mmoja kutoka nje aliwahi kuuliza, "Si rahisi zaidi kubadilisha kichwa?"

"Kubadilisha kichwa ni kughushi kumbukumbu za taifa," Mheshimiwa akamjibu kwa upole. "Kubadilisha watu ni maendeleo."

Mgeni akaenda kupanda ndege yake akiwa amebebwa.

*

Mtaa wa Ng'ambo ya Reli ulipangiwa kichwa hiki: *Wananchi wakifurahia maji safi ya bomba*. Bomba lilikuwepo, hilo siwezi kulisingizia. Lilisimama katikati ya mtaa, limepakwa rangi ya bluu, na ndani ya mdomo wake buibui alikuwa amejenga akazaa akaona wajukuu.

Mpiga picha alikuwa Bwana Songoro, mtu mwembamba, mtaratibu, asiyependa kivuli kianguke vibaya. Aliwapanga watu mbele ya bomba na ndoo zao, akasogea nyuma, akatazama kwenye kamera, akatikisa kichwa.

"Hawafurahi," akasema.

Kikosi kikaingia kazini. Walianza na magoti, kwa kuwa mtu aliyepigwa goti hufungua mdomo mwenyewe, na mdomo ukiwa wazi, kwa mbali, unafanana na kicheko. Mama mmoja alipigwa mgongoni akaonyesha meno yote hadi magego, Songoro akamsifu. Mzee mmoja wa watu, kibogoyo, alipigwa zaidi ya wote kwa sababu kila wakimpiga meno hayaonekani. Mwisho afande akang'amua, akamwazima meno ya bandia ya jirani yake.

Kwenye mstari huo alikuwepo Kibwana Feruzi, fundi baiskeli, na mkewe Siwatu. Kibwana alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na hayo machache alikuwa hajui kuyazuia. Kirungu kilimpata begani, kikampata mbavuni. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Afande, kucheka nitacheka. Lakini maji yenyewe yako wapi?"

Hata yule mzee aliacha kurekebisha meno ya watu mdomoni.

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Picha ya maji, mbona hatuoni maji?"

"Nyamaza, Baba Mboni," Siwatu akanong'ona, akimvuta shati. Mboni alikuwa binti yao, aliyeolewa mbali. "Nyamaza tukapike."

Walimpiga mpaka ndoo yake ikapata maji, lakini yalikuwa mekundu. Songoro akasogeza kamera upande kidogo ndoo isionekane, akabonyeza. Faili likajaa. Mtaa mzima ulionekana na furaha isiyo kifani.

*

Vichwa vya nyongeza vya mwaka huo vilipopitishwa, gari la matangazo lilizunguka mitaani kuvisoma, ili wahusika wajiandae. Serikali ile haikuwa ya kumvizia mtu.

Kibwana alikuwa amechutama barazani pake, tairi la mteja limezamishwa kwenye beseni akitafuta tundu, gari likapita.

"Tangazo, tangazo! Akina mama wa sokoni, jiandaeni: *Akina mama wakishukuru kwa kuondolewa sokoni*. Vijana wa kijiweni: *Vijana wakijitolea kuchimba mtaro bila kushurutishwa*. Ng'ambo ya Reli: *Mazishi ya mchochezi Kibwana Feruzi, wananchi wakishangilia*. Faili hili lijazwe kabla ya Siku ya Picha, Mtukufu atakapoyafungua mafaili yote! Tangazo, tangazo!"

Mapovu yakaendelea kupanda kwenye beseni. Kibwana akayatazama.

"Mama Mboni," akaita. "Umesikia?"

Siwatu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia. Jirani yao, Bi Mtumwa, naye alikuwa amesikia, akaja na khanga amejitanda kabisa.

"Shemeji, pole na msiba."

"Msiba wa nani, Bi Mtumwa? Si mimi huyu?"

"Najua, shemeji. Nimewahi nafasi, maana wakija Kikosi watatusukuma nyuma."

Siwatu akaweka mwiko chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tabia ya kukunja mambo vizuri kabla ya kuyaweka. Hata hasira aliikunja. Akajifunga khanga, akavaa viatu vyake vya kwendea hospitali, akaenda Wizarani. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mumewe abaki hai, arudi jioni nyumbani, ale. Hakutaka maji. Maji alishayasahau.

*

Langoni alipigwa kibao kwa kuja bila miadi. Kwenye mlango wa ndani alipigwa kingine, kwa kuwa shavu moja lilikuwa jekundu na lingine halikuwa, na ile ni Wizara ya mambo yanayoonekana. Akafikishwa mbele ya Mheshimiwa Majigambo.

"Mama yangu," Mheshimiwa akasema, "karibu. Tatizo lako?"

"Mheshimiwa, ni hicho kichwa cha mume wangu. Naomba mkifute. Mume wangu hajafa."

Mheshimiwa akacheka kama anayemwonea huruma mtoto. "Na nani amesema amekufa? Kisome kichwa vizuri. *Mazishi*. Kuna neno kifo hapo? Hakuna! Vichwa vya vifo vya mwaka huu vimekwisha tangu mwezi wa tano. Tulivitumia vibaya kidogo kwenye mgomo wa walimu. Kumuua mumeo sasa hivi ni kinyume cha sheria, mama, na mimi sitaruhusu. Atakayemuua nitamfunga!"

Siwatu akahisi moyo unashuka mahali pake. "Mungu akubariki, Mheshimiwa. Kwa hiyo hatazikwa?"

"Atazikwa."

"Akiwa…"

"Akiwa alivyo. Sisi tunapiga picha ya mazishi. Yatakayotokea chini ya udongo hayamo kwenye picha." Akaegemea kiti. "Jeneza, kaburi, watu wanashangilia. Ndivyo vinavyoonekana. Kitu kisichoonekana, mama yangu, Wizara hii haina mamlaka nacho."

Siwatu akasimama pale akilikunja neno lile na kulikunjua. Akashukuru, akapigwa kibao cha kumsindikiza, akaondoka. Lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Bwana Songoro, mpiga picha, akamkuta anasafisha lenzi kwa kitambaa laini.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe una shida."

"Shida gani, mama?"

"Kushangilia. Ukimzika mume wangu yu hai, analia mle ndani, mtaa utashangilia? Mtawavunja mbavu wote, na picha itatoka ya watu wanaolia mdomo wazi. Bomba lilikubali. Kaburi litakataa. Na Mtukufu anatazama sana."

Songoro akaacha kusafisha. Hilo lilikuwa limemnyima raha tangu tangazo.

"Kwetu sisi," Siwatu akaendelea, "mtu akizama mtoni mwili usipatikane, tunakata mgomba, tunauvisha sanda, tunauzika kwa jina lake, mambo yanakwisha. Jeneza ni jeneza. Sanda ni sanda. Uzike mgomba, mwanangu, na mtaa wangu utashangilia wenyewe, kwa furaha ya kweli, mpaka uchoke kubonyeza."

Songoro hakuwa amewahi kupiga picha ya furaha ya kweli. Alikaa akaifikiria, jinsi mwanga unavyoweza kukaa kwenye uso wa namna hiyo. Msanii ni msanii hata serikalini.

"Na mumeo?"

"Atakaa uvunguni mwa kitanda mpaka Siku ya Picha ipite, kisha tutakwenda kwa binti yetu. Hamtamwona tena."

"Mimi sikusikia," Songoro akasema. "Kateni mgomba mnene."

*

Waliukata nyuma ya choo cha Bi Mtumwa, na kwa haraka waliung'oa pamoja na shina lake la chini. Wakauosha. Wakauvisha sanda. Shehe wa mtaa aliinua pembe ya kitambaa, akatazama, akasema yeye hana sala ya ndizi, akaenda kukaa pembeni na tasbihi yake.

Mazishi yalikuwa mazuri ajabu. Watu walijua kilichomo ndani ya jeneza, na habari ilitembea kwa kukonyezana kutoka baraza hadi baraza. Walikuja kwa nderemo. Akina mama walipiga vigelegele hadi kunguru wakahama. Yule mzee kibogoyo alicheza akiinua fimbo.

"Mchochezi amekwisha!"

"Amekwisha! Mwageni udongo!"

"Mwembamba siku hizi, alikuwa hali vizuri huyu!"

"Mtachafuka utomvu, nyie!"

Kikosi cha Ulinganifu kilisimama kimepigwa butwaa. Hawakuwa wamekutana na jambo kama hilo katika mafunzo. Watu walishalingana na kichwa kabla ya kuguswa! Mkuu wao akaanza kuona mashaka: bila kupiga, ataandika nini kwenye taarifa? Akapuliza filimbi. Wakaingia katikati ya shangwe wakapiga vichwa, viwiko, vifundo vya miguu. Bi Mtumwa alivunjwa mkono akiwa katikati ya kigelegele, na kigelegele hakikukatika, kilipanda tu sauti. Damu ilirukia jeneza. Watu wakaendelea kushangilia, kwani ukipigwa na huku rafiki yako hajafa, maumivu yanakaa upande mwingine.

Na sasa niwaambie kosa la Kibwana. Alikuwa uvunguni kama alivyoagizwa. Akasikia mtaa wote unamzika, unamtaja jina, unacheka. Nani angeweza? Ni mara ngapi mtu anaalikwa mazishi yake? Akatoka, akavaa kofia ya kuvutwa hadi kwenye nyusi, akajipenyeza katikati ya watu, pampu ya baiskeli mkononi. Kirungu kilimpata mdomoni, meno mawili ya mbele yakaanguka kaburini juu ya jeneza. Hakujali. Akarusha pampu juu, akapiga ukelele wa furaha kuliko wote.

Songoro akabonyeza. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizopiga maishani, akaihifadhi kwenye faili lake bila kuitazama kwa karibu, kwa kuwa macho yake yalikuwa na machozi.

*

Siku ya Picha ilifika. Uwanja ulijaa watu na Kikosi kikazunguka kuwakumbusha kukaa wima. Mbele kulikuwa na kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba, na Mtukufu alikaa kwenye kiti cha dhahabu, kipanya cha kompyuta juu ya mto wa hariri. Alifungua folda moja baada ya nyingine. Picha zikapita: harusi, mavuno, mitaro. Mheshimiwa Majigambo alisimama kando, akisoma kila kichwa kwa sauti ya kutikisa mabati.

"*Mazishi ya mchochezi Kibwana Feruzi, wananchi wakishangilia!*"

Mtukufu akaitazama picha ile muda mrefu. Akaisogeza karibu. Akaisogeza karibu zaidi, mpaka kioo chote kikawa uso mmoja: mwanamume mwenye kofia, mdomo unatoka damu, meno hayapo, macho yanang'aa kama ya bwana harusi.

"Miaka yote hii," Mtukufu akasema polepole, "sijaona uso unaofurahi hivi katika nchi yangu. Huyu ni raia mwema. Andika: *Raia mwema*."

Karani aliyekaa kwenye kompyuta akaandika, akahifadhi. Neno la Mtukufu halifutiki.

"Aletwe."

Siwatu alikuwa amekaa safu za nyuma, mkono wa mumewe kwenye paja lake. Walikuja kwa kuwa kutokuja kulikuwa kosa, na siku hiyo Kikosi kilipekua hata mavunguni mwa vitanda. Kikosi kilimtambua mumewe kwa mapengo, kikamvuta kwa kola. "Sema jina lingine," Siwatu akamwambia haraka, midomo haisogei. "Jina lolote. Baba Mboni, nakuomba."

Akasimamishwa mbele ya kiti cha dhahabu. Mheshimiwa Majigambo alipomwona kwa karibu alibadilika rangi, maana sura yake alishaiona kwenye jalada la wachochezi.

"Unaitwa nani, raia mwema?" Mtukufu akauliza.

"Jina lolote," Mheshimiwa naye akamnong'oneza, jasho likimdondoka. "Sema lolote, ndugu yangu."

Kibwana alilamba mapengo yake. Maji walimnyima, meno walimng'oa, na mazishi walishamfanyia. Kilichobaki kilikuwa jina lake tu.

"Kibwana Feruzi, Mtukufu. Fundi baiskeli. Ng'ambo ya Reli."

Huko nyuma Siwatu alifunika uso kwa khanga.

Mtukufu hakufoka. Aliagiza kaburi lifukuliwe na kilichomo kiletwe. Watu wakakaa juani wakisubiri, na aliyezimia alipigwa akazinduka. Jeneza likaja, sanda ikafunguliwa, na mgomba ulikuwa umechipua. Jani moja bichi, limejikunja kama barua, likainuka mbele ya umma.

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka mbele ya Mtukufu, kwa magoti yao mazima, bila kurekebishwa na mtu.

"Maktaba haikosei," Mtukufu akasema kicheko kilipozimwa kwa virungu. "Kichwa kinasema kaburini yumo mchochezi. Kaburi linasema hayumo. Basi kaburi ndilo lililokosea, lirekebishwe."

"Sahihi kabisa, Mtukufu!" Mheshimiwa akaruka, akamshika Kibwana shati. "Tumrudishe mahali pake!"

"Huyo ni raia mwema. Nimeshasema na imehifadhiwa. Utamzika raia mwema?" Mtukufu akamgeukia. "Mchochezi ni mtu anayewafanya watu wacheke penye Mtukufu. Leo nani amewachekesha?"

Mheshimiwa alitazama mgomba. Kisha akatazama jeneza, na kifua chake cha jogoo kikalegea.

Walimvisha sanda ile ile, yenye utomvu. Alipiga kelele kwamba yeye ni Kanali, ni Daktari, ni Majigambo. "Kichwa kinasema wewe ni Kibwana Feruzi," mkuu wa Kikosi akamwambia, na vijana wake mwenyewe, aliowachagua mmoja mmoja kwa upana wa mabega, wakaanza kumrekebisha. Walianza na magoti, kama alivyowafundisha.

"Kibwana Feruzi!" wakaita.

"Majigambo!"

Mpingo ukalia.

"Kibwana Feruzi!"

"Mimi ni Waziri!"

Mpingo ukalia, na kitu kingine kikalia pamoja nao.

"Kibwana Feruzi!"

"Naam," akaitika.

Akazikwa alivyo, kwenye shimo lililochimbwa pale pale uwanjani, kwa kuwa vichwa vya vifo vilikuwa vimekwisha. Wananchi wakashangilia. Wale waliochelewa kushangilia wakasaidiwa.

Lakini ratiba haikuwa imekwisha. Palikuwa na faili tupu lililosubiri jioni hiyo: *Mheshimiwa Kanali Daktari Majigambo akifunga Siku ya Picha*. Mtukufu akamtazama fundi baiskeli aliyesimama peke yake.

"Wewe huna jina tena. Jina lako lina mtu wake," akasema. "Na huku kuna jina lisilo na mtu."

Koti lililovuliwa kwenye mwili wa Mheshimiwa lilikuwa bado na joto. Wakamvisha. Viatu vilimbana. Kibwana alifungua mdomo kukataa, akaona virungu vikigeuka vyote pamoja, akaona na kaburi jinsi udongo wake unavyopandapanda bado kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Akapokea hotuba. Akaisoma, kwanza kwa kigugumizi, kisha, sijui ni kipaza sauti au ni koti, akaanza kuisoma vizuri.

"Baba Mboni!" Siwatu alipaza sauti kutoka nyuma. "Baba Mboni, twende nyumbani!"

Kirungu kilimkalisha. Msomaji hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

*

Siwatu hakukata tamaa. Aliwaambia majirani: yu hai, hilo ndilo nililoomba, mengine yatakuja. Kila jioni alipika kwa ajili ya watu wawili, akafunika chungu, akakaa barazani penye beseni la kupimia matairi. Bi Mtumwa, mkono wake umefungwa kwa vijiti, alikuja kukaa naye.

"Atakuja, shoga?"

"Atakuja. Mtu hawi koti."

Na kweli alikuja, mchana, gari jeusi mbele na la Kikosi nyuma. Alishuka akiwa amenenepa kidogo, ananukia marashi, na kwenye mapengo yake kulikuwa na meno ya dhahabu. Songoro alishuka nyuma yake na kamera, hakumtazama mtu.

Siwatu aliruka barazani akamshika mkono. "Umekuja! Ingia ndani basi, chakula kipo, bado cha moto. Waambie hao wasubiri garini."

Yeye akafungua karatasi, akasoma. "Folda ya mazishi ina faili moja tupu. *Mjane wa mchochezi akilia kwa majuto*. Mhusika ajiandae."

"Mjane wa nani?" Siwatu akacheka, akamtikisa mkono kama anayemwamsha. "Baba Mboni, hapa hakuna watu wa kutisha. Ni mimi. Mjane wa nani, na mume wangu ninaye mkononi?"

"Ni picha moja tu, bi mkubwa," akasema chini kwa chini. "Lia kidogo tumalize. Wananitazama."

"Siwezi. Sina cha kulilia. Nilikwenda Wizarani kwa miguu yangu nisije nikalia, na sikulia, na wewe u hai. Ingia ule."

Mkuu wa Kikosi akasogea na vijana wake, virungu juu. Siwatu akajikaza, akafumba macho, akatoa meno yote nje. Alikuwa ameshazoea tangu siku ya bomba. Alijua atavumilia, acheke mpaka wachoke.

"Subirini," sauti ya mumewe ikasema.

Siwatu akafumbua macho, uso umewaka kwa furaha. Alijua! Alijua hatakubali.

Kibwana alikuwa amenyoosha mkono, si kuwazuia, bali kupokea kirungu. Akakipima uzito kwenye kiganja kama alivyokuwa akipima spana. Akatoa leso mfukoni, akafuta mafuta ya ziada, taratibu, kuanzia shina hadi ncha, vile vile alivyokuwa akifuta mnyororo wa baiskeli ya mteja kabla ya kumkabidhi. Kisha akamtazama magotini.

Siwatu aliitazama mikono ile mikubwa. Machozi yakamshuka yenyewe, pande zote mbili, bila sauti, na mwanga wa mchana ukakaa juu yake vizuri sana.

Songoro akabonyeza mara moja tu.

Picha iliingia maktabani siku hiyo hiyo. Kwenye taarifa yake kwa Mtukufu, Wizara ilieleza kwa fahari kwamba hii ni ya kwanza katika historia ya nchi kupatikana bila mhusika kuguswa, na kwamba Mheshimiwa Kanali Daktari Majigambo aliisimamia yeye mwenyewe.